Madai ya ardhi ya 1948: hati zinasema nini, na zinanyamaza wapi

Mzee wa Kipalestina aliyeshika ufunguo wa nyumba aliyoipoteza mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, anabeba ushahidi wa moyo. Tume ya madai, siku ikiundwa, itamwuliza hati, na hati za nchi ile zimeandikwa na tawala zilizopishana.

Sheria ya ardhi ya 1858 ya Waosmani, watawala wa Kituruki, ilitaka mashamba yaandikishwe. Wakulima wengi walikwepa wakiogopa kodi na kuandikwa jeshini, au wakaacha liandikwe jina la tajiri wa mjini. Familia ya Sursuq ya Beirut ilipouza mashamba ya Marj Ibn Amer, bonde la kaskazini, kwa mashirika ya Kizayuni miaka ya 1920, hati ilikuwa halali, na waliolima pale waliondolewa. Mashamba mengi yalikuwa ya aina iitwayo miri: mwenye ardhi ni dola, mkulima ana haki ya kuitumia, na akiiacha miaka 3 mfululizo bila sababu anaweza kuipoteza.

Waingereza, waliotawala baada ya Waosmani, walianza upimaji wa kisheria mwaka 1928, kijiji kwa kijiji, kila kiwanja na namba yake. Pwani na mabonde yalipimwa. Milima mingi na karibu Naqab yote, jangwa la kusini, havikufikiwa. Ndiyo maana Mbedui wa Naqab, ambaye ukoo wake umelima bonde lilelile tangu enzi za mababu, husimama mahakamani mikono mitupu.

Baada ya Wapalestina wapatao 700,000 kukimbia au kufukuzwa, sheria ya Israeli ya 1950 iliweka mali ya "asiyekuwepo" mikononi mwa Mhifadhi, afisa wa serikali. Iliwanasa hata waliobaki ndani ya Israeli lakini nje ya vijiji vyao. Watu wa kijiji kimoja kama hicho, Iqrit, walishinda kesi ya kurudi kwao Mahakama Kuu mwaka 1951. Desemba mwaka huohuo jeshi likalipua nyumba zao.

Hata hivyo kumbukumbu hazikupotea. Tume ya Upatanishi ya Umoja wa Mataifa ilikamilisha mwaka 1964 orodha ya mali za Waarabu, fomu zaidi ya 450,000: kijiji, kiwanja, ukubwa, jina, fungu la mwenyewe. Hapo tume yoyote ya kesho ina pa kuanzia.

Wayahudi wa Iraki nao wana dai la kweli. Zaidi ya 120,000 waliondoka mwaka 1950 na 1951, na sheria ya Machi 1951 ikazuia mali za waliokwisha kuvuliwa uraia. Wapo wanaotaka dai hili lifutane na la Wapalestina. Ninalipinga wazo hilo kabisa, kwa sababu wadaiwa ni tofauti: nyumba ya Baghdad ilichukuliwa na serikali ya Iraki, na mkimbizi wa Haifa hakuichukua. Ukifuta moja kwa jingine, umewanyima wote wawili. Ni kasoro ileile ya sheria ya Israeli ya 1970, inayomruhusu Myahudi kudai mali aliyoiacha Yerusalemu Mashariki mwaka 1948, bila kumpa Mpalestina njia kama hiyo upande wa Magharibi. Kesi za Sheikh Jarrah, mtaa wa Yerusalemu Mashariki, zinatoka humo.

Utaratibu unaoweza kufanya kazi huanza kwa kusimamisha mauzo ya mali inayodaiwa. Kisha fomu iwe moja kwa wote, na pasipo hati zipokewe stakabadhi za kodi, picha za angani na viapo vya majirani. Haki iamuliwe kwanza, na namna ya kuilipa baadaye: kurudishiwa, kubadilishiwa au fidia, kama inavyofanya tume ya mali ya Kupro ya Kaskazini. Anayeishi humo sasa apatiwe makazi kabla ya kuhamishwa. Na uamuzi uwe na wa kuutekeleza: Bosnia ilijifunza kwamba bila hilo hubaki karatasini.

Penye kukwama zaidi ni mirathi. Kiwanja cha dunamu 1, yaani mita za mraba 1,000, leo kinaweza kuwa na warithi makumi walioenea Amman, Beirut na Chile. Miri haikugawanywa kwa faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu: sheria ya Waosmani ya 1913 iliwapa mabinti fungu sawa na wavulana. Nyumba iliyo milki kamili hufuata faraidhi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu fungu la yeyote, karani aulize kwanza ardhi ilikuwa ya aina gani.