Theluji Haba ya Novemba na Watu Wanaoiamini

Oktoba ikielekea ukingoni, milima ya magharibi mwa Marekani, kuanzia Montana hadi Utah na Colorado, huwa imeshaanza kuvaa nyeupe. Watu wa skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, waliokaa na hamu tangu kiangazi hawasubiri vituo vya mchezo huo vifunguliwe. Wanapanda wenyewe kwa miguu, na kila mwaka maneno ni yale yale.

"Theluji yenyewe kidogo hivi, itaporomoka nini?"

Wazo hili ndilo linaloua. Poromoko la theluji linataka bamba la theluji iliyoshikana, tabaka legevu chini yake, na mteremko wa kama digrii 30 hadi 45. Uhaba wenyewe ndio unaozaa hilo tabaka legevu. Ardhi iliyofunikwa hukaa karibu na nyuzi 0, huku hewa ya usiku ikiwa baridi kali. Theluji ikiwa ya sentimita 30 tu, tofauti hiyo ya joto hubanwa mahali padogo; mvuke hupanda kwa kasi kutoka chini na kugeuza chembe kuwa fuwele kubwa zisizoshikana. Ukizichota kiganjani zinamwagika kama sukari. Hali hii huzidi kwenye miteremko inayotazama kaskazini, kwa kuwa jua haliifikii vizuri, na huko ndiko theluji ya mwanzo inakobaki. Basi ndiko kila mtu anakokimbilia! Dhoruba inayofuata ikirundika theluji mpya juu yake, hasa kwa upepo, mtego umeshategwa.

Tarehe 7 Oktoba 2017, poromoko dogo lilimfukia na kumuua mwanamke mmoja kwenye Imp Peak, Montana. Kifaa chake cha kurusha ishara, kinachowasaidia wenzake kumpata aliyefukiwa, kilikuwa ndani ya begi, kimezimwa.

"Hili ni eneo la kituo cha skii, lina wenyewe."

Lina wenyewe kikishafunguliwa. Kabla ya hapo mara nyingi hakuna aliyelipua baruti kuangusha theluji mbovu, wala hakuna msururu wa watu walioikanyaga hadi ikakaza. Mwanaskii Jamie Pierre, aliyeruka genge la mita 78 hivi mwaka 2006 akatoka mzima, alifariki tarehe 13 Novemba 2011 huko Snowbird, Utah, kituo kikiwa bado hakijafungua msimu. Poromoko lilimburuta juu ya miamba. Hakufukiwa mwili mzima; kilichomuua ni majeraha. Mwanzo wa msimu mawe na visiki viko karibu juu juu, na hata mfuko wa hewa wa mgongoni, unaofumuka ili ubaki juu ya theluji, haukukingi navyo.

"Usipige kelele, mlima utashuka." Hayo ni ya sinema. Sauti ya mtu haina nguvu hiyo. Uzito wake unao. Katika ajali za vifo, takriban tisa kati ya kumi poromoko limeanzishwa na marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake.

"Wenzangu wamepita, alama zao hizi hapa." Kumi wanaweza kupita salama, wa kumi na moja akakanyaga pale bamba lilipo jembamba, mteremko mzima ukaachia.

"Nina vifaa." Vizuri, lakini vyako vinamwokoa mwenzako, na vyake ndivyo vinavyokuokoa wewe. Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya dakika kumi ana nafasi kubwa sana ya kuishi, takriban asilimia 90; ikifika nusu saa, imeshuka hadi karibu theluthi. Helikopta haitawahi. Kwa hiyo kila mmoja awashe kifaa chake mwilini tangu kwenye gari, abebe beleshi na ile fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na awe ameshafanya mazoezi.

Ukiwa njiani, chimba mpaka chini uone kama ile sukari ipo. Ukisikia mgurumo mzito chini ya miguu, au ufa ukikimbia mbele ya skii zako, tabaka limeshavunjika: rudi kwa njia isiyofika digrii 30, na isiyo na mteremko mkali juu yake.