Utawala wa sheria: maana yake na ulikotoka

Ahabu, mfalme wa Israeli, alikuwa na jumba lake Yezreeli, na jirani yake Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu. Mfalme akalitamani, alifanye bustani ya mboga. Akatoa bei, akaahidi hata shamba lililo bora kuliko lile, lakini Nabothi akakataa: urithi wa baba zake hautoki. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akalala na kugeuza uso, chakula hali. Mkewe Yezebeli ndiye aliyemaliza kazi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wake. Wazee wa mji wakaitisha kikao, watu wawili wakatoa ushahidi wa uongo kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme, akatolewa nje ya mji akapigwa mawe.

Hebu angalia vizuri hapo. Shtaka lilikuwepo, kikao kilikuwepo, mashahidi walikuwa wawili kama Torati inavyotaka. Utaratibu wote ulifuatwa. Huko ndiko kutawala *kwa* sheria: sheria ni fimbo, na aliyeishika haimfikii. Utawala *wa* sheria ni kitu kingine kabisa. Maana yake ni kwamba sheria iko juu ya kila mtu, akiwemo aliyeitunga na anayeisimamia. Inajulikana kabla ya kosa. Na mtuhumiwa husikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Tofauti ni herufi moja tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 10, inautaja utawala wa sheria miongoni mwa maadili ya taifa, na neno hilo halikosekani kwenye hotuba za majaji wetu. Lakini wazo lenyewe ni la kale sana.

Kwa upande wa Magharibi, mizizi inayotajwa zaidi ni mitatu: Israeli, Athens na Roma. Wengi huitaja kwa pumzi moja, kana kwamba ni mti mmoja. Mimi naona kila mmoja ulileta chake.

Israeli ilileta wazo la kwamba mfalme anaikuta sheria imeshatangulia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamtaka mfalme ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Sheria si yake. Ni ya Mungu. Ndiyo maana nabii Eliya aliweza kumfuata Ahabu hadi kwenye shamba lile la Nabothi na kumuuliza usoni kama ameua kisha akarithi.

Athens haikuwa na nabii wa kumwendea mkubwa. Ilikuwa na wananchi. Draco aliandika sheria kali mwaka 621 KK hivi, na Solon, mwaka 594 KK, akazifuta karibu zote isipokuwa za mauaji. Baadaye, kila mwaka, wanaume raia 6,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 walipatikana kwa kura ili wahukumu kesi. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kwetu kura ni ya kuchagua kiongozi na pia ni ile ya bahati, ile ambayo askari waliipiga juu ya vazi la Yesu. Waathens walitumia hii ya pili. Mahakamani kila upande ulipimiwa muda wa kusema kwa maji yaliyochuruzika kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Jaji wa kuwaelekeza hakuwepo. Wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa, na mwaka 399 KK mahakama hiyohiyo ya wananchi ndiyo iliyomhukumu Socrates kifo.

Roma ilileta maandishi ya hadharani. Watu wa kawaida walichoka kuhukumiwa kwa sheria zilizokuwa vichwani mwa wakubwa na makuhani, na katika miaka ya 451 na 450 KK zikaandikwa zile Mbao Kumi na Mbili. Nyingine zinatisha: mdaiwa aliyeshindwa kulipa aliweza kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber. Nyingine zinachekesha kwa jinsi zilivyo wazi. Ukimwita mgonjwa au mzee mahakamani, mpe mnyama wa kumbeba. Gari lenye matandiko si lazima.

Lakini Roma hiyohiyo ilizaa na kinyume chake. Mwanasheria Ulpian aliandika kwamba mtawala hafungwi na sheria, na maneno yake yakaingizwa katika mkusanyo wa sheria wa Kaisari Justinian wa mwaka 533 BK. Huko Uingereza, katika karne ya 13, kitabu kinachojulikana kwa jina la Bracton kilisema vingine: mfalme hayuko chini ya mtu, bali chini ya Mungu na sheria.

Sura zote mbili za Roma zimo katika kesi moja, ya Paulo. Liwali Festo alieleza kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajakabiliana na washitaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea. Paulo, Myahudi mwenye uraia wa Roma, akakata rufani kwa Kaisari, na rufani ikakubaliwa palepale. Kaisari wa wakati huo alikuwa Nero, mtawala anayekumbukwa kwa ukatili wake.