Je, wajua kwa nini tokeni ya LUKU hukataa tarakimu iliyokosewa, lakini pesa hufika kwa namba isiyo sahihi?

Ukikosea tarakimu moja kati ya 20 za tokeni ya LUKU, mita inakataa na umeme hauingii. Ukikosea tarakimu moja kati ya 10 za namba ya simu, pesa inaweza kumfikia mtu usiyemjua. Vidole ni vilevile na uangalifu ni uleule. Kinachotofautiana ni namna namba ilivyoundwa na namna mfumo unavyoipokea, na hapo ndipo wanafunzi wa uzamili wa mifumo ya habari wanaochunguza upande wa mtumiaji wanapopata kazi ya kweli.

Tokeni hubeba kiasi cha umeme pamoja na hesabu ya kuhakiki, vyote vikiwa vimefungwa kwa msimbo wa siri unaofunguliwa na mita husika. Tarakimu moja ikibadilika, hesabu haikubali. Kadi za benki nazo zina tarakimu ya mwisho ya kuhakiki, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM aliyepata hataza yake mwaka 1960. Kanuni hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila mara tarakimu mbili jirani zinapobadilishana nafasi, isipokuwa 09 na 90. Namba ya simu haina kinga ya aina hiyo. Ukishapita tarakimu za mwanzo za mtandao, mchanganyiko wowote unaweza kuwa laini ya mtu.

Kumbukumbu nayo ina mipaka. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kuwa tunashika vitu 7 kwa wakati mmoja, kuongeza au kupunguza 2. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akaonyesha kuwa hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli ni 4. Ndiyo maana tarakimu za tokeni zikigawanywa nnenne kwenye risiti, kuzinakili kunakuwa rahisi. Kwenye menyu ya simu ya vitufe, namba ya mpokeaji huandikwa mfululizo bila nafasi, na jicho halina pa kushika linaporudi kuhakiki.

Basi jina la mpokeaji linaloonyeshwa kabla ya kutuma halitoshi? Linasaidia sana, lakini lina udhaifu wake. Mwanasaikolojia James Reason, katika kazi yake ya mwaka 1990 kuhusu makosa ya binadamu, alitenganisha kuteleza na kukosea: anayeteleza alikusudia sawa ila mkono ukafanya kingine, anayekosea alikusudia visivyo tangu mwanzo. Kuteleza hakuponi kwa onyo. Mtu aliyezoea kutuma pesa huingiza namba ya siri kabla macho hayajasoma jina. Tena mama anaweza kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe, hivyo mtumaji amezoea kuona jina asilolitarajia na kuendelea.

Anayetaka kulipima hili kwenye tasnifu aache kuanza na dodoso. Swali la “je, huwa unakosea namba?” hupima kumbukumbu ya mtu na aibu yake, makosa yenyewe haliyapimi. Tengeneza skrini za majaribio za aina tatu: namba bila nafasi, namba iliyogawanywa 4-3-3, na iliyogawanywa ikifuatiwa na jina peke yake kabla ya namba ya siri. Aina tatu zina mfuatano 6 unaowezekana, kwa hiyo washiriki 24 watakupa wanne kwa kila mfuatano, na mazoea ya skrini ya kwanza hayataipendelea ya mwisho.

Idadi ya majaribio ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme kosa hutokea mara 2 kwa kila namba 100. Mshiriki akiandika namba 40 kwa kila skrini, hatafikisha hata kosa moja kwa wastani. Washiriki 24 watakupa kama makosa 19 tu kwa kila skrini. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na maana. Wapo wanaowataja Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia mifumo, kwamba watu 5 wanatosha kwa jaribio. Utafiti wao wa mwaka 1993 ulihusu kugundua kasoro za muundo: kila mtu akiona wastani wa asilimia 31 ya kasoro, watano wataona takriban asilimia 85. Haukuhusu kukadiria mara ngapi kosa hutokea.

Tumia namba za kubuni na pesa isiyo halisi, lakini fahamu kuwa asiye na cha kupoteza hulegea. Posho ndogo kwa kila namba iliyoingizwa sahihi hurudisha umakini. Toa mapumziko kati ya skrini, la sivyo utapima uchovu.

Rekodi kila kitufe na muda wake, kisha yapange makosa: tarakimu iliyobadilishwa, iliyorukwa, iliyorudiwa, na jirani zilizopishana. Ripoti kando yale ambayo mshiriki aliyaona na kuyasahihisha kabla ya kutuma, na yale yaliyopita bila kuonekana. Skrini mbili zinaweza kulingana kwa jumla ya makosa, huku moja ikipitisha mengi ya kundi la pili, na hilo ndilo kundi linalopoteza pesa za watu.