Maadili ya habari za VR ni nini hasa

VR ni yale mamiwani makubwa yanayoziba macho yote, ukigeuza shingo unaona ya upande ule, ukiinua kichwa unaona anga, mpaka akili inakubali kwamba uko pale. Waandishi wa habari nao wameichukua, badala ya kukusomea habari ya wakimbizi wanakuweka kambini kabisa. Maadili yake maana yake ni hivi, mwandishi anawajibika vipi kwa aliyerekodiwa na kwa aliyevaa miwani, pale habari inapokuwa sehemu ya kuingia na siyo kitu cha kutazama kwa mbali.

Siyo jambo la jana. Novemba 2015 New York Times waliwatumia wasomaji wao zaidi ya milioni moja zile miwani za boksi za Google, unachomeka simu yako tu, wakaonyesha maisha ya watoto watatu ambao vita iliwatoa makwao, wa Sudan Kusini, Syria na Ukraine.

Sasa tuilete hapa kwetu Bagamoyo, soko la samaki, asubuhi ngalawa zimeingia, dalali anapiga mnada, kamera ya digrii 360 imesimamishwa mchangani katikati ya watu. Kamera ya kawaida ina mbele na nyuma, mama wa karai la samaki akiona imemwelekea anavuta mtandio au anakwambia wewe kijana usinipige picha mie. Hii haina mgongo. Inamchukua dalali, inamchukua yule mama, inamchukua mtoto anayepara samaki saa za shule, inamchukua na mzee kule nyuma anahesabu hela zake, wote kwa mpigo, na mwandishi mwenyewe kaenda kujibanza nyuma ya ngalawa asionekane kwenye video, kwa hiyo hata mtu wa kumuuliza hayupo. Baadaye kwenye kompyuta wanafuta stendi ya kamera, ukitazama miguuni unaona mchanga mtupu, kama vile hakuna aliyerekodi.

Halafu ridhaa. Ukimwambia yule mama nakuchukua video yeye anawaza zile za WhatsApp, hawezi kujua kwamba kuna mtu Berlin atasimama naye uso kwa uso na kumkagua mpaka ndani ya karai. Mimi msimamo wangu ni mmoja, rekodi kipande cha majaribio, mvalishe miwani aone mwenyewe, ndo umuulize kama anakubali. Akikataa futa mbele yake. Itachukua muda na iuchukue tu, maana huyo wa Berlin akivua miwani ameshaondoka, mama bado yuko palepale na jirani zake.

Na anayetazama pia ana haki yake. Huku pwani kuna watu wamepoteza ndugu kwenye vyombo vilivyozama, mtu kama huyo ukamuweka ndani ya boti inayozama bila kumtahadharisha unamuumiza kweli. Mwaka 2016 wanafalsafa Michael Madary na Thomas Metzinger walipendekeza kanuni za maadili ya VR, wakasema watu waambiwe mapema kwamba athari zake kwenye akili zinaweza kubaki muda mrefu.

La mwisho ni picha za kuchora. Nonny de la Peña wa Marekani mwaka 2012 alipeleka kwenye tamasha la filamu la Sundance kazi ya foleni ya chakula cha msaada Los Angeles, mgonjwa wa kisukari anaanguka, sauti ni za kweli zilirekodiwa palepale ila watu na barabara vimetengenezwa na kompyuta, na bado kuna waliopiga magoti kutaka kumsaidia na wengine walilia. Sasa mtu akishalia ni ngumu sana kurudi kuuliza kipi kilitokea hivyo na kipi msanii alikisia, yule alisimama upande gani, uso wake ulikuwaje. Ndo maana nasema iandikwe mlemle ndani ya miwani kabla habari haijaanza, sauti hii tumerekodi, nyuso hizi tumechora, na hapa hatukuwa na shahidi tukakadiria.