Fidia ya treni kuchelewa ina mifuko miwili

Juzi aliingia ofisini kwangu hapa Tabora mzee mmoja mfanyabiashara wa asali, akaniwekea simu mezani kabla hata hajaketi. Mwanawe aliyeko Uingereza amemwandikia kwamba huko treni zikichelewa, kampuni za treni zinalipwa mamilioni. "Wakili, kumbe kuchelewa ni biashara! Hela ya abiria wanakula wao." Mwaka huu ni mtu wa nne kuniambia hivyo.

Si kweli, mzee wangu. Kule njia ni ya Network Rail, shirika la umma, treni ni za wengine. Njia ikiharibika, Network Rail huilipa kampuni ya treni kwa Jedwali la 8 la mkataba wao wa kutumia njia. Hela hiyo inafidia nauli zitakazokosekana baadaye, maana abiria aliyechoka kusubiri huhamia kwenye gari lake. Kampuni nayo ikikwamisha wenzake, inalipa. Abiria ana mfuko wake mbali, Delay Repay: kampuni nyingi humrudishia robo ya nauli ya safari moja treni ikichelewa dakika 15, nusu zikifika 30, na yote ikitimia saa nzima. Anatakiwa kudai ndani ya siku 28.

Kinachoniuma ni hiki: watu wanapigia kelele wizi ambao haupo, na swali lenyewe linapita. Jedwali la 8 haliilazimishi kampuni kutumia fidia hiyo kwa abiria. Unataka inunue mabasi ya dharura, maji ya kunywa, vipaza sauti vya stesheni? Dai sharti hilo liandikwe kwenye mkataba, kwa asilimia ya fidia.

Eti mafuriko ni ya Mungu, hayalipwi? Kule yanahesabiwa upande wa mwenye njia.

Na wanaotaka tuige kesho: reli ya kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa treni za abiria haina wawili wa kulipana. Sheria ya Reli ya 2017 iliunganisha RAHCO iliyomiliki njia na TRL iliyoendesha treni, zikawa shirika moja, TRC. Siku kampuni nyingine zitakapopitisha treni za abiria humo, hapo ndipo pa kuandika sehemu ya fidia iende stesheni.

Mzee alikuwa na tiketi ya zamani ya Kigoma, kaikunja mara nne hadi tarehe imefutika kwenye mkunjo. Nilimpa bahasha. Tiketi ni ushahidi wako, haikunjwi; andika nyuma yake saa uliyoondoka na saa uliyoshuka, siku hiyohiyo.