Kupe hazoei dawa: maelezo kwa wafugaji wa Arusha

Malalamiko yanayotufikia kutoka Monduli, Longido na Meru yanafanana: "Kupe wameshazoea dawa." Hapana. Kupe hazoei kitu. Akipata kipimo sahihi na asife, basi alizaliwa hivyo.

Kupe jike wa masikioni, yule anayeeneza ndigana kali, akishiba damu huanguka, hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Katika maelfu hayo, mara chache sana, hutokea mmoja mwenye hitilafu ndogo kwenye jeni, yaani mutesheni, inayofanya dawa isimshike. Dawa haikuileta hitilafu hiyo, ilimkuta nayo. Kazi ya dawa ni kuwamaliza wenzake, yeye akaachiwa ng'ombe mzima. Watoto wake hurithi jeni ile, na baada ya vizazi kadhaa malisho yote yamejaa ukoo wake. Mchujo huo ndio uteuzi asilia, na kundi likibadilika hivyo kizazi hadi kizazi, hayo ni mageuko. Watu wakisikia neno hilo huwaza mafuvu ya Oldupai tu, kumbe limo sikioni mwa ndama wao.

Amitrazi, dawa ya kuogeshea, ya asilimia 12.5 huwekwa mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Pampu ya lita 20 ni mililita 40, nayo ni ya ng'ombe wakubwa wanne au watano, si kumi na watano. Kizibo cha chupa si kipimo! Dawa hafifu huwaacha hadi wale wenye usugu nusu, nao wakapandana. Josho likipungua, ongeza maji pamoja na dawa yake kama lebo inavyosema.

Wengine husema wamebadili dawa, kumbe wametoka saipamethrini kwenda deltamethrini. Hizo ni ukoo mmoja, zinampiga kupe mahali palepale. Chupa ndiyo iliyobadilika.

Kabla ya kubadili dawa, tuletee sampuli ya kupe tuipime: majike 20 hadi 30 walioshiba, wakiwa hai, kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano na kipande cha karatasi yenye unyevu kidogo. Usiwakusanye siku ya kuogesha. Usiwatie kwenye spiriti. Kupe aliyekufa hatagi, na tunaowapima ni watoto wake. Andika kijiji, jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kuogesha. Majibu huchukua wiki kadhaa, kwa kuwa ni lazima watage na mayai yaanguliwe. Kupiga simu siku ya tatu hakuliharakishi yai.

Dawa iliyogawanywa kwenye chupa za soda, bila lebo, hairuhusiwi kuuzwa. Muuzaji anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na mzigo wake kutaifishwa. Ukiuziwa, mpelekee afisa mifugo wa kata chupa yenyewe bila kuiosha, pamoja na risiti, kama ulipewa.