Acheni kutegesha: dhana potofu za fidia huku reli inakopita

Jamani hii ya kutegesha, yaani kupanda au kujenga harakaharaka ili ulipwe fidia, tuiongee leo maana mi nishachoka. Kila nikikaa na watu wa Uvinza au Nguruka kuhusu fidia za SGR (reli ya kisasa) ya Tabora–Kigoma lazima atokee mtu anivute pembeni, eti ndugu mwanasheria (mi ni msaidizi wa kisheria tu), nikichomeka michikichi saa hizi wataihesabu?

Watu wanaamini mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali yako, anahesabu mashina basi, ukipanda mengi usiku umetoboa. Kwanza kuna tarehe ya ukomo wa kuhesabu mali, ikishatangazwa chochote utakachopanda au kujenga baada ya hapo hakilipwi, na benki inayokopesha nayo inashika hapohapo. Pili mchikichi haulipwi kwa kichwa, wanaangalia umri na hali yake, sa mche wa juzi ambao majani yamenyauka utalinganaje na mti unaoshusha mikungu kila msimu? Tatu mthamini hatembei peke yake, yupo na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa mipakani, na hao wanajua fika shamba lako juzi lilikuwa la mihogo. Halafu taarifa yote inaenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa, ikitiliwa shaka mnachelewa wote, hata yule bibi ambaye hakutegesha kitu.

Kinachoniuma zaidi ni mtu anakopa VICOBA ananunua bati, anasimamisha kibanda hakina hata choo, kumbe tarehe ishapita. Kibanda hakilipwi na marejesho yanamsubiri.

Ila na wakubwa wa miradi nao wasijifiche hapa. Kubandika karatasi moja kwenye mlango wa ofisi ya kijiji siyo kutangaza. Daini tarehe isemwe mkutanoni na iingie kwenye muhtasari.

Ushauri wangu ni uleule kila siku, badala ya kuhangaika na miche hangaika na daftari. Kanuni za fidia za 2001 zinasema biashara inalipwa faida halisi ya mwezi mara miezi 36, sasa una mashine ya kusaga na huna karatasi hata moja ya mauzo, utathibitisha na nini? Miezi 36 yote hiyo unaipoteza kwa kukosa daftari! Kuna posho ya makazi, nayo kodi ya mwezi mara 36, kuna usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilometa 20, kuna posho ya usumbufu. Na siku wanakupiga picha umeshika kile kibao cha namba usiwe na haraka ya kusaini, soma fomu mstari kwa mstari, migomba mingapi, choo kimeandikwa, kaburi la mzee limeandikwa, halafu omba nakala, usipopewa ipige picha na simu.

Dhana hii ina pacha wake, kwamba ukishahesabiwa usiguse kitu. Matokeo yake paa linavuja misimu miwili na shamba linageuka pori wakati hela haijaja. Palilia, panda mahindi na maharage, vuna, mpaka upewe notisi ya kuondoka. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka mlipwe ndani ya miezi 6 tangu tathmini iidhinishwe, ikizidi hapo kuna riba, na ikifika miaka 2 tathmini imekufa, inafanywa upya.

Eti bila hati hulipwi. Siyo kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na ya hati. Na masharti ya Benki ya Dunia, kwenye miradi inayoikopesha, yanaenda mbali zaidi, hata asiye na haki na ardhi yenyewe anafidiwa alichojenga na kupanda, mradi alikuwepo kabla ya ukomo.

Eti baba anasaini peke yake. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59. Akina mama nendeni mkapigwe picha na nyie, na akaunti iwe ya wawili.

Eti benki ndo inatulipa. Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) Desemba 2023 waliidhinisha dola kama milioni 696 za reli hii na kipande cha kwenda Burundi, lakini fidia kwa kawaida inatoka serikalini. Benki kazi yake ni kubana masharti yafuatwe.

Eti ukishapokea hela huna pa kulalamika. AfDB wana chombo chao cha malalamiko, Benki ya Dunia nao kwa miradi yao wana Jopo la Ukaguzi, linalopokea malalamiko, tangu 1993. Mradi wao wa REGROW, wa hifadhi na utalii kule Ruaha, dola milioni 150, ulilalamikiwa 2023, Aprili 2024 Benki ya Dunia ikasimamisha kutoa hela na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Kwenye Jopo wanatosha watu wawili, mnaweza kuomba majina yafichwe, na barua andikeni kwa Kiswahili, wanapokea.